Mdhamini Asiyeinua Macho

Hapana, sijaupata. Nawajibu kabisa kabla hamjaniuliza, maana nawajua wanawake wa kikundi hiki, mtu akipiga chafya Chilangala nyie huko Masasi mnauliza anazikwa saa ngapi. Uraia sijaupata. Kilichonipata leo ni aibu, tena aibu ya kuanguka na sinia la wali katikati ya msiba. Nawatumia sauti kwa kuwa kuandika sikufundishwa. Na wewe Mama Salima usiisikilize mbele ya mumeo, yule akicheka huwa anapaliwa.

Mnajua kijijini kwetu wanapima mashamba. Asiyekuwa raia shamba haliandikwi jina lake. Sasa mimi na mdogo wangu Fatu tulivuka Ruvuma kutoka Msumbiji enzi za vita, mimi mwali nimeshachanjwa chale uso wote, yeye kitoto mgongoni kwa mama. Tangu siku ile tuko hapa hapa. Mikorosho yangu nimeichimbia mashimo kwa mkono wangu, nimeipalilia, nimemzika na mume wangu pembeni yake. Halafu anakuja mpimaji, kijana wa juzi, kabeba kimashine chake, ananiambia kwa puani: "Bibi, wewe kisheria hupo." Sipo wapi, mwanangu? Nimesimama mbele yako na jembe.

Basi tukaenda kuomba. Kila mwombaji anatakiwa aje na mdhamini wake, raia anayemfahamu vizuri, asimame mbele ya afisa aseme huyu namjua. Hilo tu. Kitu chepesi.

Fatu akamchagua Mama Chiku. Mama Chiku ni jirani yake, yule wa mbuzi. Hawajasalimiana kwa heri tangu mbuzi wale wajifunze kula mihogo ya Fatu. Wakianza kutukanana asubuhi, wewe bandika ming'oko yako, iive, ule, uoshe na sufuria, bado utawakuta wanaendelea. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamwambia, mdogo wangu, wenzako wanapeleka watu wa maana, wewe unampelekea serikali adui yako? Naye na kile kisauti chake cha paka aliyenyeshewa: "Sasa dada, mimi nani mwingine ananijua?"

Mimi nikamchagua mkwe wangu, Baba Fadhila, mume wa binti yangu Somoe. Mwalimu mstaafu, nyumba ya bati la rangi Masasi, saa mkononi. Akisema tu "kimsingi", watu wote kimya. Na adabu! Adabu yake mnayo, nimewasimulia kila tulipokaa pamoja, hata pale ambapo hakuna aliyeuliza. Tangu amuoe Somoe hajawahi kuniangalia usoni. Nikiingia mlango wa mbele, yeye kashatoka wa nyuma. Tukikutana njiani anaingia porini, hata kama pori lenyewe ni upupu. (Siku ya upupu alijikuna mpaka usiku, na mimi nikatamba mpaka usiku.) Wakwe wa siku hizi wanawapiga mama wakwe zao mabega, wanapiga nao picha wametoa ndimi. Wangu hapana. Wangu ni mkwe wa zamani, wa kuwekwa kabatini.

Leo asubuhi tumefika Newala mapema. Somoe kaenda stendi kumpokea mumewe, mimi na Fatu tukakaa kwa yule bwana anayejazia watu fomu kwenye kibanda karibu na ofisi. Kijana mwenye kidomo kirefu, akiandika anakisogeza pamoja na kalamu. Jina, nikamwambia. Kazi, mkulima. Elimu, nikamwambia aruke. Tukafika kwa mdhamini.

Akaniuliza mdhamini wako anaitwa nani. Baba Fadhila. Akasema hilo siyo jina. Nikamwambia kwetu ndiyo jina. Akataka lile alilopewa na wazazi wake. Jamani, lile ninalijua! Lakini mkwe unamtajaje jina? Kinywa kitabaki upande. Nikamgeukia Fatu, Fatu akaangalia chini, maana na yeye ni mama mkwe kwa mtu yule yule. Tumekaa pale vikongwe wawili kama watoto walioiba sukari, kijana kashika kalamu juu. Akatuuliza taratibu, kama anaongea na viziwi: "Bibi, mmekuja na mdhamini msiyemjua jina?" Nikamjibu kama mama yako hakukufundisha heshima, usinilaumu mimi. Watu wote kibandani wakanunua maneno yangu. Nikajisikia mkubwa. (Ningejua ningeyaweka akiba.)

Somoe alipofika ndiye aliyelitaja lile jina, na mimi nikaziba masikio.

Tukakaa kwenye benchi nje ya mlango wa afisa. Baba Fadhila kakaa ncha ile kaelekea ukutani, mimi ncha hii nimejifunika kanga, Somoe katikati. Nikisema, Somoe, mwambie Baba Fadhila asogee, jua linamchoma, yeye anasikia, yuko hapo hapo, mkono ukiunyoosha unamgusa. Lakini anangoja Somoe amwambie. Kisha anajibu na ile sauti ya darasani: "Mwambie mama, kimsingi, nashukuru." Watu wanatutazama. Nikajua wanatuonea wivu.

Fatu na Mama Chiku wakaitwa kwanza. Mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya joto, tukasikia yote. Afisa kauliza kitu kimoja tu, unamfahamu huyu? Uwiii, Mama Chiku alikuwa anangoja siku hiyo. Alianza na upepo ulioezua nyumba ya Fatu, akapita kwenye kuzaliwa kwa watoto wote na nani alilia na nani hakulia, akasema Fatu anaogopa vyura, akasema anakoroma hadi mbuzi wanaamka, akamaliza na ile siku Fatu alipaka mihogo pilipili ili mbuzi waungue midomo. Afisa alikuwa anamwambia inatosha, mama, inatosha, na yeye anasema bado, kuna habari ya ndoo yangu. Wametoka pale, fomu ya Fatu imegongwa muhuri, Mama Chiku bado anaongea na ukuta.

Nikambetulia mdomo. Nikajisemea, kama kwa makelele yale mtu anakuwa raia, mimi na mwalimu wangu watatupa na bendera tukapandishe.

Nikaitwa. Somoe akainuka, askari wa mlangoni akamzuia. Anaingia mwombaji na mdhamini wake, basi. Nikapita hivyo hivyo, bila Somoe.

Afisa ni binti wa bara huko, miwani, kucha ndefu, anaongea kama anahesabu maneno yasimwishie. Kaniamkia vizuri, shikamoo, marahaba. Akatuonyesha viti viwili vilivyopakana. Baba Fadhila akakibeba cha kwake, akakigeuza kuelekea dirishani, akakaa. Mimi nikavuta kanga mpaka puani. Binti akatuangalia mmoja mmoja, akauliza kama tumegombana njiani. Nikasema hatujawahi kugombana hata siku moja, sisi tunaheshimiana.

Akaniuliza niliingia nchini kwa kituo gani. Nikamwambia niliingia kwa majini, maji yamenifika hapa kifuani, mama yangu mbele, Fatu kamtoa mgongoni kamweka kichwani kama mtungi. Akaandika. Mpaka hapo mambo mazuri.

Akamgeukia mkwe wangu. Mzee, unamfahamu mama huyu? Na yeye, akiliambia dirisha: kimsingi, kwa hakika, namfahamu kwa muda mrefu mno, ni mama mwenye heshima ya pekee katika ukoo wetu. Mwe, nilivimba ndani ya kanga kama maandazi.

Binti akamsogezea picha yangu, ile ndogo ya kubandika, aithibitishe. Baba Fadhila akaipokea kwa mikono miwili, na kabla haijamfikia machoni akaipindua kifudifudi mezani. Kwa adabu. Binti akaifunua. Yeye akaipindua. Binti akaifunua tena, yeye akaifunika na kofia yake. Ungedhani wanacheza karata.

"Mzee, nataka umtazame mama huyu uniambie kama ndiye wa kwenye picha."

"Mheshimiwa, huyu ni mama mkwe."

"Najua. Mtazame."

"Ndiyo maana nakwambia ni mama mkwe."

Binti akavua miwani. Akamuuliza sasa wewe, baba yangu, siku zote hizo unamtambuaje? Nikasema moyoni, haya mwalimu, toa kimsingi moja nzito hapo. Mtu mzima akajifuta jasho, akakohoa, akasema: "Kwa miguu."

Nilitamani ile sakafu inifukie. Akaendelea, tena kwa mpangilio, kama anaandika ubaoni: kidole gumba cha kushoto kimepanda juu ya mwenzake, kisigino cha kulia kina ufa mrefu na mfupi, na kifundo kina kovu la jembe. Mambo ambayo marehemu mume wangu hakuyajua. Dirishani watu wameshajaa. Mama Chiku yuko mbele (angekuwa wapi?), anawatafsiria walio nyuma. Binti wa watu akainama chini ya meza ahakikishe, akakuta nimevaa viatu vya Somoe, vyeusi, vya kufunika, nilivyoazima ili nionekane raia.

Akaniambia nivue. Nikavua, jamani. Mwanamke mzima na heshima zangu, nimenyoosha mguu ofisini kama ninapimwa soksi. Baba Fadhila akageuka kidogo tu, akashusha macho, uso ukamng'aa: "Ndivyo hasa. Kisigino hicho hakina mfano."

Nje wakapiga makofi. Binti hakupiga. Alisema fomu ina sehemu ya uso, sehemu ya kisigino haina, na kama mdhamini hawezi kunitambua kwa uso, yeye atafunga faili, nirudi kijijini nikaanze upya.

Pale ndipo akili ikanirudi. Nikaiona mikorosho yangu. Niliiona kabisa, imesimama, na yule wa puani anaipita na kimashine, anaiandika haina mtu. Nikajiuliza, hii adabu itaniokotea korosho? Nikakamata kanga. Nikaifunua, ikashuka mpaka mabegani. Uso wangu wote nje. Na uso huu mnaujua, una chanjo kila mahali, paji, mashavu, kidevu, mtoto mchanga akiuona mara moja hausahau mpaka anaoa. Nikamwita mwenyewe, bila ya Somoe, mara ya kwanza tangu dunia ianze: "Baba Fadhila, baba yangu, nitazame. Shamba linakwenda."

Kule dirishani Mama Chiku akasahau kutafsiri.

Mkwe wangu akavua kofia. Akageuza kiti. Macho akayapandisha pole pole kama anapanda mlima wa Masasi na gunia, yakafika magotini yakapumzika, yakafika tumboni, yakafika shingoni yakataka kurudi. Nikamwambia panda. Yakapanda. Akaniangalia, jamani. Akaniangalia kidevu, akaniangalia pua, akazifuata chanjo zangu moja moja kama anasahihisha daftari. Na mimi nikamwangalia. (Kumbe ana makengeza kidogo. Somoe hakuwahi kuniambia.)

Binti akapumua, akamsogezea karatasi ya kiapo na kalamu. Aweke sahihi tu, kwamba anaapa huyu anamtambua kwa sura na amemtambua miaka yote. Muhuri ameshaushika, ameshaulowesha wino. Baba Fadhila akaisoma ile karatasi mstari kwa mstari, kalamu mkononi. Akarudi juu akasoma tena. Ndipo nikakumbuka kuwa mwanaume huyu alimfelisha mtoto wake mwenyewe kwa kuibia jibu moja.

Sasa hivi niko nyumbani. Fomu zangu nimezilaza hapa mapajani, zimerudi kama zilivyokwenda, bila muhuri, na wapimaji wameshafika kwa jirani wa tatu. Fatu ananipepea na fomu yake, anasema ni kwa sababu ya joto. Yule mkwe wa kabatini ameondoka na basi la kwanza, Somoe anasema amelia. Anayetaka kucheka azime simu kwanza, kicheko cha kikundi hiki nakijua, hakina aibu. Mimi nililofanyiwa linatosha, maana mtu mwenye adabu kuliko wakwe wote wa Newala alikiweka chini kile kikalamu, akasimama wima, akamwambia binti wa watu:

"Mheshimiwa, siwezi kuapa uongo. Mama huyu leo ndiyo kwanza namwona."