Sampuli Niliyoichemsha

Jumatatu, 3 Machi
Siku ya kupima maji. Sisi wenye boti za watalii tumejitolea: kila mmoja anachota chupa moja mbele ya ofisi yake, maabara inapima vijidudu. Ukipata kibao cha kijani, wageni wanaogelea. Chekundu, hawagusi maji. Jumamosi nina wageni arobaini. Na bomba la choo chetu limepasuka, linavuja baharini! Nikipata chekundu, wote watahamia kwa jirani yangu, Miwani. Mke wangu anasema tumwite fundi. Fundi wa nini, na mimi nina akili? Nimeichemsha sampuli jikoni, nikaipoza, nikaipeleka.

Jumatano, 5 Machi
Majibu: sifuri. Nimempitia Miwani na karatasi mkononi, makusudi. Kanuna. Raha iliyoje!

Mchana mtaalamu wa maabara akapiga simu. Eti miaka kumi na miwili hajaona bahari isiyo na kijidudu hata kimoja. Hata maji safi huwa navyo kidogo. Kesho anakuja kuchota mwenyewe, na wenye boti wote waje wajifunze kwangu.

Alhamisi, 6 Machi
Nilimpeleka mtaalamu mbali, kwenye mawe, nikamwambia huko ndiko ninakochota siku zote. Alikwisha kuinama na chupa. Miwani, mdomo wake hauna breki, akasema fomu niliyojaza Jumatatu inasema mbele ya ofisi. Tukarudi. Mtaalamu akachota hatua tatu kutoka kwenye bomba. Mke wangu alisimama mlangoni, ananitazama tu. Niliona aibu, nakiri.

Ijumaa, 7 Machi
Chekundu. Wageni wote arobaini wameniacha kwenye mataa, wamehamishia safari ya kesho kwa Miwani. Mtaalamu hakunigombeza, na hilo limeniuma zaidi. Amesema nitengeneze bomba, kisha nipime tena wiki ijayo, Miwani akiwa shahidi. Miwani! Sijatulia mchana kutwa kwa hasira.

Jumamosi, 8 Machi
Fundi bomba amefika. Nimemwagiza asihangaike na ufa, alivute bomba lote hadi upande wa Miwani. Naye akionje kibao chekundu. Mke wangu ameuliza kama nimesahau kwamba mkondo wa bahari hutoka kwa Miwani kuja kwetu. Nimemwambia asinivunje moyo, fundi ameshaanza kuchimba.