Tumbo la Syombua na Jina Langu Lililoharibika

Kwa Sista Gakenia,
Zahanati ya Kwa Ndeti,
Kasikeu.

Mpendwa Sista,

KUH: KUNIHARIBIA UDAKTARI WANGU

Salamu katika jina la Bwana. Mimi ni Mama Syombua, yule aliyelia kwa zahanati yako kuliko mgonjwa. Syombua amerudi kutoka hospitali kubwa, kidonda cha operesheni kinakauka, anakula na ananijibu vibaya, kumaanisha amepona. Mimi ndiye sijapona, na nalalamika hivi:

1. Mimi niliachia shule darasa la sita, lakini tumbo zote za hapa kwetu natibu mimi. Tumbo ni gesi, ama minyoo, ama ndengu haikuiva. Sasa wewe umeleta ya nne, eti kidole tumbo, bila hata kuniuliza.

2. Maumivu yalianza kwa kitovu, kisha yakahamia chini kulia. Nilifurahi, nikatangazia majirani kwamba yanaondoka, yako njiani. Wewe ukasema mbele ya watu hiyo ndiyo dalili mbaya. Siku hizi nikisema mvua inakuja, majirani wanaanika nguo.

3. Mama mkwe ndiye alinifundisha kusugua tumbo na mafuta ya mbarika. Nilisugua, Syombua akapiga nduru, nikaongeza nguvu kwa sababu nilijua nimefika penyewe. Wewe ukanishika mkono, eti tumbo limekuwa gumu hivyo halisuguliwi. Kweli unamkataza mke wa mtu mbele ya mama mkwe wake?

4. Nilimbebea mtoto muthokoi wa moto, yale mahindi yetu ya kukoboa na maharagwe, apate nguvu. Ukakataa, hata chai, eti aende na tumbo tupu. Huo muthokoi niliumaliza mimi kwa benchi sababu ya wasiwasi, tumbo ikanifura, ukanipa dawa ya gesi. Kwa hivyo gesi ilikuwa kweli, ni vile tu tumbo ilikuwa yangu.

Naomba ubandike tangazo mlangoni kwamba Mama Syombua anajua tumbo, isipokuwa hiyo moja.

Nisalimie askari wa geti, na yule mama wa kufagia aliyenipanguza machozi kwa leso yake.

Ni mimi mwenye uchungu mwingi,
Wayua, Mama Syombua.

N.B. Nilimsomea mama mkwe mpaka hapo juu. Akafurahi sana, akasema hii barua ataileta mwenyewe akuone ukiaibika. Ndiye huyo mbele yako. Maumivu yake yalianza kwa kitovu, sasa anajishika chini kulia akidhani sioni. Mimi ni mke wa mtoto wake, siwezi kumwamuru aende hospitali. Hajala kitu. Mafuta ya mbarika anayatafuta tangu asubuhi, nimeyaficha. Tafadhali Sista, usimwache atoke.