Kinyozi Aliyefanywa Dawa ya Macho

Kwa Daktari wa Macho,
Chumba cha mwisho, mkono wa kulia ukiingia.

Mheshimiwa Daktari,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi pokea heshima zangu hivyo hivyo. Mimi ni kinyozi. Hunijui kwa jina, ila umewaandikia wafanyakazi wote wa ofisi ya bima iliyo ng'ambo ya barabara wanitumie, nami sikuulizwa.

Nieleze ilivyokuwa, usije ukasema nakusingizia. Uliitwa pale ofisini kwa sababu wafanyakazi walikuwa wanalia macho yanawasha, yanakauka na kuona ukungu, kwa kukaa mbele ya kompyuta kutwa. Ukawapa ushauri mzuri, siupingi: kila dakika ishirini mtu aondoe macho kwenye skrini, atazame kitu kilicho umbali wa mita sita hivi, kwa sekunde ishirini. Kisha, kwa kuwa wewe ni mtu wa vitendo, ukachukua futi kamba, ukaianzia dirishani kwao, ukavuka nayo barabara huku magari yakikupigia honi, ikaishia kwenye kiti changu cha kunyolea. Mimi nilidhani unapima barabara ipanuliwe. Nikakushikia ncha, kumbe najifunga mwenyewe.

Tangu siku hiyo sina raha, kazini wala nyumbani. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kazi yangu ni kuweka wembe shingoni mwa mtu, na kazi hiyo inataka utulivu. Ghafla kengele inalia ofisini, viti vinasukumwa, na dirisha zima linajaa nyuso zinazonikodolea macho. Nashtuka, wembe unateleza. Mzee mmoja, mteja wangu tangu angali na nywele, ametoka kwangu na sharubu upande mmoja. Upande wa pili amesema ataupeleka kwa kinyozi mwenye kutunza siri.

2. Uliwaambia pia wapepese macho mara kwa mara, kwamba mtu akikodolea skrini husahau kupepesa na jicho linakauka. Sawa. Lakini hebu jiweke mahali pangu: unainua kichwa, unakuta idara nzima inakukonyeza. Bwana harusi mtarajiwa aliyekuja na mchumba wake alivuka barabara kwa hasira kwenda kuuliza anayekonyezwa ni nani hasa, mlinzi akamjibu kwamba haya ni matibabu. Mke wangu naye ameshamwona yule dada wa mapokezi akipepesa kuliko wenzake wote. Nilimweleza kwamba dada yule ana macho makavu sana. Akaniuliza nimejuaje. Nalala sebuleni.

3. Wamegeuka kuwa mafundi. Nikimaliza kichwa cha mtu, wao wanatikisa vyao. Juzi mteja alimwona mhasibu wao akionyesha kwa kidole nyuma ya sikio, akakatalia kitini mpaka nirudie. Nilirudia, na kinachoniudhi zaidi ni kwamba mhasibu alisema kweli.

4. Wahenga walisema ukiona mwenzako ananyolewa, zako tia maji. Hawa wanaona wenzao wakinyolewa kutwa kucha, na hakuna hata mmoja aliyetia maji. Wote wananyolewa kwa mwenzangu wa mtaa wa nyuma. Nilimuuliza mhasibu kwa upole kwa nini ananikwepa, akanijibu bila haya kwamba kwangu pale hawezi, watu wanakodoa macho.

5. Nilishikwa na mafua nikafunga duka. Meneja wao akamtuma mlinzi nyumbani, mke wangu akatandika meza akidhani tumeletewa pole. Kumbe ameagizwa aulize kama nina ndugu wa kimo changu anayeweza kusimama pale, kwa kuwa wafanyakazi wameanza kuona ukungu. Akaenda shemeji yangu. Hajui kunyoa hata kidevu chake. Alisimama tu akizungusha kiti. Eti wanasema anatuliza macho kuliko mimi! Tangu hapo shemeji anajiita msaidizi wa daktari, na wakati wa kula anataka apakuliwe kwanza.

6. Sasa meneja ameomba nivae shati la kijani, nisirudi nyuma ya kiti kwa sababu hapo mita sita zinapita na dozi inazidi, na likizo yangu niichukue wakati mmoja na ya kwao. Daktari, mimi nina mke mmoja na tayari ananitosha kwa maagizo.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, uwaandikie kitu kingine. Kuna tangi la maji juu ya paa la jirani. Ni kubwa, limetulia, na halina ndoa ya kuvunjika. Ukiona haifai, basi nisajili rasmi kuwa dawa na nibandikwe maelekezo mgongoni: nisiwekwe juani, na nikitumiwa vibaya daktari ndiye wa kulaumiwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nami bei ya matofali nimeshaiulizia.

Wasalimie wauguzi wako, yule mama wa kutoa kadi, na mgonjwa yeyote atakayekuwa mbele yako barua hii ikifika. Namwombea apone, ila asinitazame.

Wako mwenye kutazamwa,
Kinyozi wa ng'ambo ya barabara

Nyongeza: Nilikuwa nafunga bahasha niliposikia nyundo. Wametundika pazia zito dirisha zima, maana jua lilikuwa linapiga kwenye skrini zao. Mlinzi ananiambia sasa wanapumzisha macho kwa kutazama picha ya mlima wa mbali, na mlima wenyewe umo ndani ya kompyuta. Nilishangilia. Kisha akaingia mteja, mtu mzima na heshima zake, akainamia simu tangu nilipomfunga shuka mpaka nilipomfungua. Daktari, nilimchonga mstari wa paji la uso ambao sijawahi kuupata tangu nianze kazi hii. Hakuinua uso hata kwenye kioo. Akatoka ameinama. Aliyemfuata naye vivyo hivyo, na aliyemfuata huyo. Nikageukia dirishani, angalau mhasibu atikise kichwa. Waliosema macho hayana pazia hawakuijua ofisi hii. Imeniuma, sikufichi, nimekaa kwenye kiti changu mwenyewe kama mteja. Tafadhali yafute yote niliyoandika hapo juu, uwaambie watoe lile pazia. Mlima haunyoi mtu. Na kwa macho mabovu kiasi kile, dakika ishirini naona ni mbali mno. Waandikie kumi.