Pembe za Sabuni Yangu

Jumatatu, 5 Juni 2006
Shirika linatafuta sabuni ya kina mama wanaojifungulia kambini. Wakimbizi masikini, mtoto anazaliwa hana hata kanga! Kazi hiyo yangu. Nani Ujiji hii anapika sabuni ya mawese kunishinda? Wifi yangu Rozalia anasema yeye. Mungu amsamehe. Mjukuu wangu Devota ananiambia wageni siku hizi huanza kutazama kwenye intaneti. Kanitengenezea ukurasa, tumekwenda kuuona kwenye kafe ya intaneti, mtaa wa Mwanga. Wa Rozalia upo tayari! Visanduku vya maneno kwenye ukurasa wake vina pembe za mviringo, kama maandazi. Vyangu? Majeneza.

Jumanne
Sabuni ya mzazi husuguliwa pembe kwa kidole gumba chenye maji, isimkwaruze mtoto. Basi na ukurasa wangu usuguliwe. Nimemwambia hivyo Heritier, fundi wa ile kafe. Kacheka. Eti kompyuta haisugui. Unachora vipicha vinne vya pembe, unavibandika juu ya zile ncha kuzificha. Ulaghai mtupu! Nimeupenda. Huyu Heritier alivuka ziwa na mama yake wakati wa vita, hajanenepa mpaka leo. Nimempelekea samaki, mgebuka mzima, nikamsimamia mpaka akamaliza na kichwa.

Jumatano
Pembe zimekaa! Ila nyuma ya visanduku peupe, kama sanda. Nikataka rangi ya mawese. Heritier kaenda msibani Simbo. Nikamwamrisha Devota apake. Kapaka. Loo! Kila pembe imetoa jino jeupe! Kumbe vile vipicha Heritier alivipaka weupe kwa nje, vifanane na ule weupe wa zamani. Devota anasema alinionya tumsubiri fundi. Kweli alinionya. Lakini kwa sauti ndogo.

Alhamisi
Kutwa nzima Mwanga. Heritier kachora pembe upya, nyekundu. Sijagusa sabuni wiki hii. Hata hizi herufi zangu za darasa la ngumbaru naziandika nimechoka.

Ijumaa
Mgeni wa shirika kaja, Bi Marcelina. Nikamuuliza kaionaje rangi. Rangi ipi? Hajafungua intaneti, kambini hakuna umeme. Anataka kushika sabuni. Nikampa. Kapitisha kidole kwenye pembe. Kali kama shoka! Kaniuliza, mama, hii ndiyo ya kuogeshea kichanga? Za Rozalia laini kama shavu. Kazi kapewa Rozalia.
Nimelia. Nilitaka wale watoto wanukie sabuni yangu. Nimekwenda hadi mlangoni kwa Rozalia, nikamwambia sabuni yake haitawakwaruza. Nimemwambia kwa hasira, nikaondoka bila kuaga.

Jumamosi
Nimeoga kwa sabuni yangu. Imenichana shingo. Devota ananibembeleza tukae leo tusugue pembe, kuna kapu zima la sabuni. Nimemwambia asinipotezee muda, avae viatu twende Mwanga. Nimeshagundua kosa. Rozalia ana pembe nne? Mimi Heritier ataniwekea nane.