Mwanafunzi wa Makueni

Kabla hakujapambazuka, cherehani ya Susu Kalunde ililia tik-tik-tik jikoni, ikanyamaza, ikalia tena. Kola ilikuwa imemshinda kwa mara ya saba. Susu, yaani bibi kwa Kikamba, alikuwa na miaka sitini na minane. Sketi alizijua, kaptura alizijua, hata mifuko ya ndani, na kabla ya kupata cheti cha chuo kilichobaki kilikuwa kola peke yake. Kwaya ya kanisa ilishanunua vitambaa, ikawa inamngoja.

Siku hiyo ilikuwa kubwa. Ofisi ya elimu ya ufundi ilikuwa imetangaza, kwa barua yenye mihuri mitatu, Siku ya Kuthibitisha Uanuwai. Kila chuo cha umma kilitakiwa kuwa na wanafunzi wasiopungua arobaini, wa umri mbalimbali, wa dini zaidi ya moja, na kutoka kaunti zisizopungua mbili. Kitakachopungukiwa kingehamishiwa Nuu. Barua ilieleza kwamba kutoka hapa Kanyangi hadi Nuu si mbali, ni vidole vinne tu kwenye ramani. Susu alipima vidole vyake, akapima na magoti yake, akajua kwamba chuo kikienda Nuu, yeye na kola wataachana hapo hapo.

Ofisi haikukurupuka. Awali ilikuwa imejaribu kuongeza wanafunzi kwa kupunguza karo kwa shilingi elfu moja. Ili mpango usivurugwe na watu wasio makini, ikaanzisha ada ya kuomba kupunguziwa karo, shilingi elfu moja na mia mbili. Wanafunzi wakapungua. Baada ya utafiti wa kina, ofisi ikagundua kwamba tatizo ni ukosefu wa uanuwai.

Chuo cha Ufundi cha Kwa Kyule kilikuwa na wanafunzi thelathini na wanane. Hasina, binti wa mwenye duka la misumari, ndiye aliyekuwa dini zaidi ya moja. Susu Kalunde alikuwa umri mbalimbali. Mkuu wa chuo, Mwalimu Musyimi, aliwaomba hao wawili wasiugue wiki hiyo. Kaunti ya pili hakuipata. Alimwendea hata muuza viazi kutoka Nyandarua, ambaye alimsikiliza kwa heshima zote, kisha akamuuliza ni nani atakayemuuzia viazi.

Zamu ya mezani langoni ilikuwa ya Susu. Kitabu kilikuwa kimoja. Chuo kiliwahi kuomba kitabu cha wageni, ofisi ikajibu kwamba wanafunzi wachache namna hiyo hawahitaji vitabu viwili, wageni waandikwe kwenye rejista.

Saa tatu gari likafika. Akashuka Bwana Mbuvi, Naibu Mkurugenzi wa Uanuwai, pamoja na karani wake Fahima. Susu akawafutia viti vumbi kwa leso yake. Mbuvi akaandika jina na kwao: Kikima, Makueni. Fahima akaandika la kwake: Lamu. Safu ya kozi wakaiacha wazi. Susu alikumbuka kwamba kwa kanuni za ofisi, safu iliyoachwa wazi ni kosa. Hakutaka wageni waingie taabuni. Darasani, kando ya cherehani anayofundishiwa, kulikuwa na stuli mbili tupu, basi akawaandikia wote wawili ushonaji.

Mbuvi alisimama mbele ya wanafunzi akasoma kanuni aliyoiandika yeye mwenyewe: yeyote aliye kwenye rejista kabla ya saa nne ni mwanafunzi, na rejista haifutwi. Akaeleza kwamba mwaka uliotangulia, siku ya kuhesabu wanafunzi, vyuo vingine viliazima wanafunzi sokoni saa sita mchana, na wengine walikuja na mbuzi wao.

Fahima akahesabu. Arobaini. Akahesabu tena. Kaunti tatu. Mwalimu Musyimi alifungua mdomo, lakini kwa kuwa ni mtu anayeheshimu ofisi, akaufunga. Mbuvi alipiga muhuri, akapiga picha ripoti, akaituma mjini. Haukupita muda mrefu wakubwa wakajibu kwa pongezi.

"Sasa nataka kumwona huyo wa Makueni," alisema Mbuvi. "Tupige naye picha. Huyo ndiye ameokoa chuo."

Fahima alipitisha kidole kwenye rejista, polepole.

"Ni Mbuvi, wa Kikima. Ushonaji."

"Mbuvi yupi?"

"Wewe, bosi. Na mimi niko chini yako."

Mbuvi aliuliza jinsi ya kujiondoa. Mwalimu Musyimi akamweleza, kwa masikitiko, kwamba rufaa huchukua siku tisini, na huamuliwa na Naibu Mkurugenzi wa Uanuwai, ambaye hawezi kuamua kesi yake mwenyewe. Kwa sasa mwanafunzi anatakiwa kuhudhuria. Akikosa mara tatu, mzazi huitwa.

"Mama yangu ana miaka themanini," alisema Mbuvi.

"Tutamtumia nauli," alisema Mwalimu.

Ikaja habari ya karo. Mbuvi alipoisikia aliuliza kama hakuna punguzo. Akaletewa fomu. Akaisoma mara mbili.

"Mtu analipa elfu moja mia mbili ili apunguziwe elfu moja? Ni nani aliandika hii?"

Fahima akamgeuzia fomu. Sahihi ilikuwa pale chini, kubwa, yenye mkia.

Alitoa pesa akalipa. Kisha akatoa kalamu, akaifuta ada hiyo kwa kila mtu, kuanzia dakika hiyo. Mwalimu Musyimi akamshukuru, akamkumbusha kwamba kwa kanuni zake, waliokwisha kulipa hawarudishiwi.

Somo likaanza. Fahima alitia uzi kwenye sindano kwa jaribio la kwanza. Mbuvi aliujaribu mara tisa, ulimi nje. Susu hakumcheka. Alimshikia sindano kwenye mwanga, akamsogezea chai, na kidole kilipochomwa akakifunga kwa kipande cha kitambaa cha kwaya.

Jioni alimsindikiza hadi kwenye gari.

"Jumanne uje tena, mwanangu," akamwambia. "Usipokuja tutapungua, na mimi Nuu siwezi kufika. Ukichelewa nitakuwekea stuli."