Mchele wa Maulidi kwenye Buti la Gari

Jumamosi, 7 Novemba 1987

Aibu asubuhi na mapema, hata chai sijanywa. Gervas, jirani yangu wa chini, dereva wa ubalozi hapa Washington, alikuwa kainamia injini ya gari lake pale maegeshoni. Anajitayarisha kwa baridi, mwezi mzima kabla! Nikashuka kumcheka. Akaniuliza mimi oili nimepima lini. Nikafungua boneti kwa madaha, nikachomoa kijiti cha kupimia, nikatangaza kuwa oili yangu nzuri, nyekundu kama sharbati. Gervas akacheka mpaka akashika ukuta. Kumbe nimechomoa kijiti cha giaboksi. Na Mize alikuwa anapita!

Mize ni binti wa Bi Time. Nimepeleka posa. Bi Time hajasema ndiyo, hajasema la. Anasema ananitazama kwanza.

Gervas kanishauri: dawa ya kuzuia maji ya rejeta yasigande, betri mpya, tairi za theluji, na mifuko ya mchanga kwenye buti. Gari langu linasukumwa na magurudumu ya nyuma. Bila uzito litacheza chakacha barafuni. Na ukikwama, unamwaga mchanga huo chini ya tairi. Unauzwa dukani. Mimi, mtoto wa Mombasa, ninunue mchanga!

Jumapili, 8 Novemba

Kikao cha maulidi kwa Bi Time, hapa hapa mtaani kwetu Oxon Hill. Maulidi yenyewe Jumamosi, ukumbi wa kukodi Landover. Mchele umefika, magunia sita ya basmati, na kwa Bi Time bomba linavuja. Nani atauweka? Nikaruka kabla swali halijakwisha. Bi Time akasema, Othman, hii ni amana ya watu. Nikaweka mkono kifuani.

Magunia yote yamo ndani ya buti. Gari limekaa chini kama kuku anayeatamia. Uzito bure, sifa bure, na posa imesogea! Gervas akaniuliza nimebeba nini. Nikamwambia mchanga, tena wa daraja la kwanza.

Jumatano, 11 Novemba

Theluji! Novemba! Hata watu wa redio hawakuitegemea. Mize kapiga simu kutoka kazini, hotelini Arlington. Mabasi hayaji, anaomba namba ya Gervas. Namba ya Gervas! Nikamwambia angoje, gari langu limeandaliwa kikamilifu.

Nikakwama kwenye kilima cha kwanza. Magurudumu yanazunguka, gari haliendi. Nikakumbuka: mwaga mchanga. Mchanga sina. Nikafungua gunia moja. Moja tu! Matano yanatosha pilau. Tairi zikautema mchele wote nyuma. Nikafungua la pili. La tatu. Askari akasimama, akautazama mchele, akaniuliza kwa adabu arusi ni ya nani.

Nikajipa moyo. Mchele mweupe, theluji nyeupe, nani ataona? Ndege wakaona. Wakashuka makundi kwa makundi.

Baada ya saa mbili Gervas akatokea, Mize kando yake. Mize alichoka kuningoja, akaitafuta namba mwenyewe. Gervas akamwaga mchanga makopo mawili, gari likatoka. Mize hakucheka. Alisimama anatazama ndege. Kisha akauliza, "Othman, is that the maulidi rice?" Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Akasema yeye hatamwambia mama yake. Niseme mwenyewe, mwisho Ijumaa.

Alhamisi, 12 Novemba

Nimempigia Bi Time simu mara nne, mara tatu nimekata kabla haijalia. Ya nne akapokea. Nikamuuliza hali ya bomba.

Duka la Mhindi halina basmati mpaka Jumamosi asubuhi, lori limekwama. Basi nimepata njia. Nimenunua mchanga. Ndiyo, nimenunua! Nimejaza yale magunia matatu, nimeyashona vizuri. Yatashika nafasi siku mbili tu, kisha nibadilishe. Hesabu ni sita. Sijasema uongo, sijasema chochote.

Ijumaa, 13 Novemba

Sikujua kuwa kina mama huchagua mchele siku moja kabla. Miaka thelathini na minne nakula pilau, na sikujua! Bi Time kanipigia nilete magunia. Nikakuta wanawake kumi na wawili wamekaa sakafuni, masinia mapajani. Mize akaninong'oneza mlangoni kama nimesema. Nikamjibu nitasema baada ya chai.

Bi Time akafungua gunia mwenyewe. Akamimina. Mchanga ukajaa sinia. Bi Time akatia vidole taratibu, akapekua, kama kwamba huenda chini yake kuna mchele. Hapo ndipo nilipokwisha. Angenitukana ningepona. Nikaeleza yote, mpaka habari ya ndege. Mize aliingia chumbani na hakutoka.

Jumamosi, 14 Novemba

Gervas, ambaye kesho yuko kanisani, aliondoka alfajiri mpaka Baltimore na tairi zake za theluji, akarudi na magunia matatu. Kakalishwa mbele, kanyunyiziwa marashi mpaka shati likalowa. Mimi nimepewa kulinda viatu.

Bi Time kaniletea sahani kwa mkono wake. Kasema, kula mwanangu, huu umechaguliwa. Nimelia juu ya viatu vya watu.

Wakati wa kuondoka kanikabidhi debe la mafuta ya kupikia yaliyobaki, nimpelekee kesho jioni. Mbele ya wote! Kasema mtu hufunzwa amana kwa kupewa amana. Mize kaniambia hiyo ndiyo nafasi yangu ya mwisho.

Jumapili, 15 Novemba

Nimeapa. Mimi si yule wa juzi. Debe lipo sebuleni, nalilinda kama mboni ya jicho. Sijaligusa tangu asubuhi.

Mchana Gervas kapita, kapima oili yangu kwa kijiti chenyewe. Kasema imekwisha kabisa, nitie nyingine leo leo, tena nyepesi ya baridi, la sivyo injini itakufa njiani nikienda kwa Bi Time. Nikamuuliza nyepesi kiasi gani. Kasema itiririke vizuri.

Nimerudi ndani, nimelitikisa debe. Yanatiririka vizuri sana. Nitachukua lita mbili tu, pengo nitajaliza kwa maji. Mafuta hayachaguliwi kwenye sinia.