Sanduku la Onyesho la Pili

Jumatatu, 3 Juni
Naapa kuandika yote humu, hata ya kunifedhehesha. Nimetunga mchezo wa kuigiza, maonyesho matatu. Mama anamsubiri binti aliyetoroka nyumbani. Mwalimu wa fasihi amesema mwanzo mzuri, mwisho mzuri, ila katikati amepiga miayo sita. Alihesabu! Wanasubiri tu, akasema, wala hatuogopi lolote. Nisiporekebisha kufikia Alhamisi, Siku ya Wazazi itapewa kwaya ya Kiranja. Nimechoka, na wiki ndiyo kwanza inaanza.

Jumanne
Nimepata dawa. Sanduku lenye kufuli, katikati ya jukwaa. Kila anayelikaribia, mama anampigia kelele asiliguse. Basi! Bibi analo moja uvunguni. Sikumwomba, angekataa. Nimelifunga kwa shuka nikalibeba hadi shule. Mgongo sina tena.

Jumatano
Anayeigiza mama ni Kiranja, ole wangu. Akauliza ndani mna nini. Nikamwambia aogope tu kwa jumla. Akasema dada, mimi siogopi kwa jumla. Ukweli ni kwamba hata mimi sijui. Bibi hajawahi kulifungua mbele ya mtu.

Alhamisi
Hakuna mwayo hata mmoja! Mwalimu alikaa ukingoni mwa kiti. Naye akauliza mna nini. Nikatabasamu kama mtaalamu. Jioni bibi akasema Jumamosi atakuja kunitazama. Hilo sikuliwaza.

Jumamosi, 8 Juni
Ukumbi ulijaa. Onyesho la pili, kimya. Hata watoto wachanga walinyamaza. Onyesho la tatu, binti akarudi, wakakumbatiana, pazia. Hakuna aliyepiga makofi. Baba mmoja akauliza, na sanduku je? Ukumbi mzima ukadakia: fungueni! Ufunguo sina. Ndipo bibi akainuka safu ya tatu, ufunguo ukining'inia shingoni. Akapanda jukwaani, ngazi moja, akapumzika, ngazi nyingine. Akalitazama sanduku. Akanitazama mimi. Akaketi juu yake, akatangaza kwamba hili ni lake, hakuna atakayeona kitu, na kila mtu aende kwake.

Makofi hayo! Mwalimu amesema hajaona mwisho kama ule. Kiranja alilia machozi ya kweli.

Jumapili
Nitaosha vyombo peke yangu hadi shule ifungwe. Vidole vimekunjamana. Nimelitafakari sana kosa langu. Sanduku lilikuwa dogo. Muhula ujao ni kabati la bibi, lile la makufuli mawili. Nimemwachia karatasi chini ya kikombe chake: Bibi mpendwa, kabati lako likilazwa, linapita mlangoni? Naomba jibu kabla sijamaliza sufuria.